Saa ya Trekta

Zahanati yetu hapa Kambi Nane,
nje ya Tanga, ukifuata barabara ya Pangani,
ilifunguliwa saa mbili na nusu.
Saa mbili na nusu sisi tuko kwenye nyaya,
tunaanika singa mbichi, maji yake yanawasha hadi kiwikoni,
na nyapara hana kalamu
ya kuandika: huyu amekwenda kumeza dawa.
Ameandika: hayupo.

Nikikimbilia kazini, daftari la nesi
linaandika: mtoro.
Wiki moja, mwanamke mmoja, majina mawili,
na hakuna hata moja alilonipa mama.

Kikombe changu kilitengwa kabla sijatengwa mimi,
kikaning'inizwa msumarini nje ya mlango.
Na mkojo wangu, mwekundu kama juisi ya rozela,
jirani aliusoma kuliko cheti cha hospitali.

Ntahondi, mkata mkonge, chumba cha tano,
aliacha dozi mwezi wa pili, alipopata nafuu.
Si ukaidi. Aliniambia,
"Mboni, kile kidonge kinataka kukaa juu ya kitu.
Mimi chini yake sina kitu."
Leso zake alizifua mwenyewe, usiku,
ili maji ya kwanza yasionekane rangi.

Wakaja wageni kutoka mjini.
Viti sita. Sisi tulisimama dirishani,
penye upepo, walisema, na kweli upepo ni dawa.
Neno walilokuja nalo lilikuwa refu: ushirikishwaji.
Lilishuka garini kabla yao,
likakaa kiti cha mbele, likanywa maji ya chupa.
Tulishirikishwa saa nzima.
Tule mayai. Tule matunda.
Tulale penye nafasi, sisi watu saba wa chumba kimoja.

Makaratasi yalikuwa yanakunjwa
Tabibu Shekiondo alipouliza, kwa adabu tu,
"Mgonjwa yeyote ana la kusema?"

Bibi Nambeho, muosha masufuria wa kantini,
aliyemaliza miezi yake sita bila kuruka siku,
akasema: "La kusema sina. Nina la kuuliza.
Trekta linaondoka saa ngapi?"

Waliosomea kifua wakatazamana.
Mmoja akafungua faili.
Halimo.

Saa kumi na moja na nusu, baba.
Kambi nzima iko pale bandani
wazima kwa wagonjwa, tunasubiri kupakiwa.
Mnatusaka mchana kwa pikipiki, na sisi
kila alfajiri tunajipanga mstari wenyewe.

Haikuwa siku ile. Ilikuwa miezi mitatu,
barua mbili kwa meneja, na ufunguo wa sanduku
ambao nesi aliung'ang'ania kama wa nyumba yake.
Leo sanduku liko begani mwangu, mimi mtoro.
Kila nyumba kibaba cha unga kwa wiki,
hata isiyo na mgonjwa;
mbili zimekataa, hatuzitaji.
Nambeho anakoroga gizani. Kidonge, kisha uji
wenye pilipili manga, unaopita kooni kama salamu.
Makopo ya makohozi nayapeleka mimi,
kwa kuwa ni mimi ninayejua
nani anakohoa akiwa ameuma mto.

Ntahondi hakuuwahi uji.
Tulimzika wiki moja kabla ya sufuria ya kwanza.
Mjane wake alikuja Jumanne na watoto wawili
na leso moja aliyoikunja, hakuifua.
"Na hii," akasema, "inapimwa?"
Sikujua nimjibu nini. Niliwapa watoto uji.

Juzi, watu walipokwisha kupanda,
nyapara alibaki nyuma, kofia mkononi.
Kikohozi cha wiki ya nne; nilikuwa nakihesabu kabla yake.
"Nipe kopo," akasema, "bila maneno."
Nikafungua daftari, nikamuuliza jina.
Miaka tisa ananiita "wewe", namwita "nyapara".
Akalitaja. Nikaliandika kama alivyolitamka,
trekta likipiga honi.