Kitabu cha Tano

Soroti, kambi ya polisi. Umeme umekatika tena.
Amuge anasema cha kwanza ndicho kitabu,
hivi vingine mwandishi anatafuta karo ya watoto.
Akiteng anabisha: na kile cha tatu, je?
Ule mlango wa jikoni
ulimnyima usingizi wiki nzima.

Koplo Okiror anacheka.
Amebeba maiti mgongoni, sembuse wino?

Mjane Asekenye, kimya tangu jioni, anamenya karanga.
"Huyu mtu anajua," anasema.
"Wafu wake huacha chungu motoni."

Karanga zinalia sinia.

Tunatawanyika. Cha tano ni zamu ya koplo.
Asubuhi nakikuta nje, dirishani kwake,
kimelazwa kifudifudi,
juu yake tofali.