Neno la Binti wa Karatasi

Ukumbi wa parokia, Kadutu, mvua imeshika bati.
Cirhuza fundi redio anazungusha mkono wa mashine
na ukutani, juu ya shuka la hospitali,
anatembea binti wa karatasi nyeusi,
kiuno chembamba kama tundu la sindano.

Kaka yake amegeuzwa ndege.
Akinena kabla ya mwaka wa saba, ndege hatashuka.
Ndivyo anavyotueleza Cirhuza. Maandishi yenyewe
ni Kijerumani; nani atamwumbua?

Sinema bubu, binti bubu.
Tunasikia mvua tu, na meno ya mashine
yakitafuna mkanda.

Kisha mwaka wa saba. Binti anafumbua kinywa,
tap! mkanda umekatika.
Kila Jumamosi, palepale.

Ndipo siku moja tukamsemea sisi.
"Kaka!"
"Njaa inaniuma!"
Mama muuza chumvi, kutoka nyuma:
"Nilipeni deni langu!"
Ukumbi ukaangua kicheko.

Nabintu peke yake hakusema.
Alikaa kafumba mdomo, mashavu yamemjaa,
akashuka hivyo ngazi za matope hadi kwao,
taratibu,
kama mtu aliyebeba bakuli la mawese
lililojaa pomoni.