Kuzimwa si Kupoa

Kila asubuhi ya kipupwe Terence Pilcher
hujaza lori kokoto upande wa mashariki
akazimwage magharibi, mbele ya kinu cha nyuklia.
Usiku bahari huzibeba,
huzirudisha zilikotoka.
Miaka kumi na tisa. Nilimuuliza,
kati yako na bahari, nani kaajiriwa na mwenzake?
Akacheka, akafuta miwani.

Mimi kazi yangu ni Bi Audrey, miaka tisini na mmoja,
mlango wa tatu kutoka kanisani, hapa Lydd:
dawa saa mbili, soksi za kubana, chai isiyo sukari.
Kwenye droo ya vijiko mna vidonge vya iodini,
muda wake uliisha mumewe angali hai.
"Usivitupe," husema. "Aliviweka mwenyewe."

Leo redio imetangaza dhoruba na bamvua,
vyote viwili saa saba usiku.
Kwetu bamvua ni kufuata pweza miambani, maji yakishakupwa.
Hapa ni mifuko ya mchanga vizingitini.

Kinu kilishazimwa, wanasema.
Naam. Lakini kuzimwa si kupoa.
Aliyepikia makaa anajua:
umeepua chungu, umefukia jivu,
na alfajiri bado kidole kinaungua.
Makaa ya mle ndani yanataka maji usiku na mchana,
maji yanataka pampu,
pampu inataka umeme,
umeme ukikatika, jenereta,
na jenereta, maskini, inataka sakafu kavu tu.

"Kule Canvey, mwaka hamsini na tatu," asema Bi Audrey,
macho kayafumba, nilidhani kalala,
"baba alitoka jioni kuukagua ukuta.
Akarudi, akavua buti, akasema: imara.
Maji hayakupiga hodi."
Kisha akaomba blanketi la pili.

Saa sita na nusu nasikia lori.
Si saa zake.
Napenua pazia: Terence,
na nyuma yake mengine mawili, yamejaa pomoni,
mvua inakwenda ubavuni kama imesukumwa.
Taa ya jikoni inapepesa, inarudi.

Nafungua droo. Naisoma tena ile tarehe,
kana kwamba tarehe huona haya ikabadilika.
Vidonge vinne. Tuko wawili.
Naisukuma droo polepole,
vijiko visije vikamwamsha.