Fundo

Bi Chizuru alileta ukurasa wa gazeti:
chumba cha Denmaki, kuta nyeupe, kiti kimoja.
"Hivi hivi, fundi. Na mbao zitoke huko huko."

Kihachi hakubishana.
Alimtoa nje, kwenye theluji ya Hokaido,
akapangusa kwa mkono wa sweta
mwaloni ulioangushwa na dhoruba nyuma ya shule
ambako mama huyu alijifunza kujumlisha.

Mbao zikakauka majira mawili ya baridi;
simu zake hazikukauka.

Leo meza ipo, rangi ya uji mwepesi,
na katikati fundo jeusi.
"Niliondoe?"

Analigusa.
"Fundo baya ni la moyoni.
Hili liache,
hapa ndipo pa birika."