Nyumba ya Kambare

Kijana wa Kitangari alipandisha ndoo kwa baiskeli,
ndoo ya rangi, mfuniko umetobolewa kwa msumari.
Ngogo hawa, mama, alisema, hawakui,
mkubwa wao kama kidole chako cha kati.
Chilumba akatoa hela ya korosho bila kuuliza mara mbili.
Tangi alishalichongesha kwa fundi wa madirisha,
likakaa sebuleni, pale palipokuwa na redio ya mama yake.

Hapa Newala maji tunayanunua.
Nilisema hivyo mara moja, nikanyamaza.
Mwanamume aliyestaafu ghalani
akipata kitu cha kutazama, mwache atazame.

Wiki ya kwanza: perege wanane, na watatu wenye ndevu.
Wiki ya tatu, perege watano.
Tukampiga paka.
Wiki ya tano perege mmoja, kajibanza nyuma ya jiwe,
na wa ndevu amebaki mmoja,
tumbo limetuna upande
kama mfuko wa mtu aliyeiba papai.
Paka tulimwomba radhi kwa vichwa vya dagaa.

Ndipo nilipovuta kigoda, nikavaa miwani ya kushonea,
nikahesabu.
Ngogo ana ndevu sita, za chini zimechanika kama mizizi,
na mwiba mgongoni unaosimama ukimshika.
Huyu alikuwa na nane.
Kichwa bapa, kigumu, kama kilikanyagwa kikiwa kibichi.
Pezi la mgongo limeanzia kisogoni
likaenda bila kituo hadi karibu na mkia.
Vijicho vya mtu anayesikiliza kuliko kuona.
Na kila baada ya kitambo anapanda, anagugumia hewa,
pwa,
anashuka.

"Chilumba, umefuga kambare."
"Najua," akasema. "Tangu juzi."

Akakua. Kiganja, kisha rula ya shule,
kisha mkono mpaka kiwiko; kugeuka ikabidi ajikunje.
Utumbo wa kuku, usiku tu, taa imezimwa.
Kila Ijumaa ndoo tatu zinatoka, ndoo tatu zinaingia,
Chilumba anaandika kwenye daftari la ghala.
Ya kutoka nilimwagia mchicha.
Sijaona mchicha wenye kiburi namna ile.

Basi nyumbani kila mtu akaota ndevu.
Shemeji Nandonde: huyo kilo tatu, na nazi ipo.
Asumini: mrudisheni mtoni, mnamtesa.
Mjukuu akampa jina, Bwana Mizani,
na mwenye jina haliwi.
Mama mkwe alitaka redio yake.

Usiku wa mvua kubwa, umeme ukakatika.
Asubuhi ubao uko chini, tofali limekaa kando yake,
na ute, mstari mmoja wa ute,
umevuka mkeka, umevuka kizingiti,
umefutwa na matone uani.
Chilumba alizunguka mihogo na tochi mchana kweupe.

Mwezi ulipita. Mchopa jirani akaja, hakuketi.
"Kisima changu cha mvua," akasema kwa sauti ya chini,
"kuna kitu kinapumua humo.
Na viluwiluwi vya mbu sivioni tena."
Chilumba akaenda kuchukua daftari.

Tangi bado lipo, redio bado iko chini ya kitanda.
Maji yote yale ni ya perege mmoja.
Naye yuko nyuma ya jiwe.
Hajaambiwa.