Merikebu ya Pili

Mwalimu Lechipya alichora bahari kwa chaki,
kidato cha pili, Mpwapwa,
mbele yetu sisi ambao maji mengi tuliyowahi kuyaona
ni lambo la ng'ombe mwezi wa tatu.
"Hapa Athene. Hapa Mitilene.
Katikati maji. Juu ya maji, hukumu."

Athene ilikuwa vitani, tauni imepita nyumba kwa nyumba,
na mji rafiki umewageuka.
Wakakaa kikao, wakanyoosha mikono:
wanaume wa Mitilene wauawe wote,
wake na watoto wauzwe.
Merikebu ikang'oa nanga siku ileile.

Usiku mji haukulala.
Kulipokucha wakarudi palepale, watu walewale,
wakabishana upya, wakanyoosha tena,
na huruma ikashinda kwa mikono michache,
kiasi cha chumvi ya kuonja mlenda.
Merikebu ya pili ikatumwa kuikimbiza ya kwanza.

Mbeleje akauliza: "Wanawake nao walinyoosha?"
Mwalimu akajipangusa chaki. "Hapana. Wala watumwa."
"Sasa waliamua akina nani?"
Kengele ikalia.

Leo mimi ndiye mwandishi wa mihtasari ya kijiji.
Mwaka ule uwele ulikauka ukiwa magotini,
na uliosalia, ng'ombe wa Gidahosh waliumaliza
shambani kwa Chidawali, usiku mmoja.
Vijana wakakutana mbugani na fimbo.
Mtoto wa Chidawali alirudishwa
juu ya machela ya mifuko ya sandarusi.

Tukakaa kikao.
Maboma ya Wabarabaig yaondolewe, yote kumi na moja,
askari waje na lori.
Wanaokubali: mia mbili na sita.
Wanaopinga: tisa.
Muhuri niliugonga mimi. Mara ya kwanza uligoma,
wino umekauka. Nikautemea mate.
Ndahani akaifunga barua kwenye kishikio cha baiskeli,
akashika njia ya Kongwa.

Usiku mke wangu akaniuliza gizani:
"Na yule bibi wa Kibarabaig aliyemzalisha Nhembo,
naye yumo kwenye barua yenu?"
Sikumjibu. Nilisikia njuga za ng'ombe wao
zikilia mbali, kama kawaida,
kama watu ambao hawajaambiwa.

Asubuhi hakuna aliyepiga mbiu, lakini walikuja.
Safari hii walisema hata wasiosemaga.
Chidawali hakutamka neno;
macho yalimvimba, na mkono wake ulipopanda
nilitazama kwenye daftari.
Mia na kumi na nane, kwa mia na tisa.
Barua irudi.

Pikipiki ilikuwa moja tu, ya Mbeleje, anayochuuzia karanga.
Tukamchangia petroli kwenye chupa za maji,
mtu akamfungia viazi kwenye khanga.
Wale wa Athene, Mwalimu alisema,
walipewa unga wa shayiri uliokandwa kwa mvinyo na mafuta,
wakala huku wanapiga makasia, wakalala kwa zamu.
Ya kwanza ilikwenda polepole. Nani ana haraka
na mzigo kama ule?

Mbeleje alimkuta Ndahani korongoni, karibu na Kongwa,
baiskeli imepinduliwa, magurudumu juu,
anatengeneza mnyororo ambao haukukatika.
"Umechelewa kuja," akamwambia, akampa barua,
na ndipo akalia.

Nimebakiza jambo ambalo Mwalimu hakutuficha:
merikebu ya pili iliwahi, mji ukapona,
ila watu zaidi ya elfu, walioitwa vinara,
waliuawa vilevile. Kwa kura pia.

Na kwetu, kabla ya jogoo wa usiku ule,
maboma mawili yalikuwa yameshaungua.
Kila mtu alikuwa amelala, walisema,
kijiji kizima ambacho hakikulala.
Kwenye muhtasari, chini ya "Yatokanayo",
niliacha mistari miwili mitupu.
Mpaka leo nikilifungua daftari
kalamu naishika, wino upo.