Mkono wa Pili

Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi,
msimamizi wa kanisa hunifungulia mlango wa pembeni
nami naingia na kigoda, turubai,
na tapentaini katika chupa iliyokuwa ya sharubati,
hadi ukuta wa kushoto, mbele ya Petro anayelia.

Aliyemchora hakuacha jina.
Moshi wa mishumaa wa miaka mia nne
umemla jogoo nusu. Umebaki undu,
na jicho moja lisilosahau.

Sharti la parokia: nakala isilingane na asili.
Petro wangu ni mfupi kwa vidole vinne.
"Usijali, Ersilia," alisema mwalimu Tarsicio,
"hata majuto yana saizi."

Mimi nilidhani kuchora ni kuongeza nuru.
Akanipa kitambaa na kopo la kahawia ya udongo:
paka giza kwanza, kote,
kisha futa pale mwanga ulipoingia bila hodi.

Miaka arobaini nimeoka mkate katika Napoli hii.
Najua kusubiri kitu kiumuke.
Lakini rangi ya mafuta haijali njaa ya mtu;
wiki nzima bado inanata,
nyepesi chini, nene juu,
ukiipa pupa hupasuka
kama ganda la mkate uliotolewa kabla ya wakati.

Mwezi wa tatu nikafika mikononi.
Asubuhi hiyo jua lilipita kidirishani kwa mshazari
nikaona, chini ya vidole vilivyofumbatana,
mkono mwingine,
hafifu kama sura iliyofichwa ndani ya noti,
umenyooshwa, kiganja nje:
mkono wa mtu asemaye, mimi simo.

Kumbe alianza na Petro wa uani, penye moto,
Petro anayekana,
kisha akabadili nia, akaufunika.
Na mafuta yakizeeka hugeuka kioo.

Niliweka brashi chini.

Mwaka wa sabini na nane askari wawili walikuja dukani
kumuulizia Nunziante, ndugu yangu, tumbo moja.
Nilikuwa na unga hadi viwikoni.
Nikasema, simjui huyo.
Mara moja tu; hawakuuliza tena.
Nikawauzia mikate miwili
nikawarudishia chenji kamili.

"Mkono upi?" aliuliza Tarsicio.
Macho yake yana ukungu siku hizi.
Alisogea, akanusa karibu ukuta mzima, akarudi nyuma.
"Nakili unachokiona," akasema,
akaenda kutafuta kahawa.

Basi nimeuchora. Wa kwanza, kwanza.
Kiganja, kifundo, na kwenye kucha
nikapaka weupe kidogo, kama unga.
Nikauacha wiki tatu ukauke
bila kumwonyesha mtu,
halafu nikaufunika kwa vidole vya toba,
tabaka juu ya tabaka, nyembamba,
hadi usionekane.
Utajitokeza wenyewe, nikishakuwa vumbi,
na atakayekuwepo auone.

Chozi nimeliweka leo, nukta moja nyeupe.
Limekaa juu mno, karibu na pua.
Sikulifuta.

Msimamizi anatikisa funguo, anachungulia begani kwangu.
"Amefanana," anasema.
Simuulizi na nani.

Nyumbani naosha brashi kwa sabuni ya mashuka.
Maji yanatoka kahawia,
kahawia,
kahawia,
kisha karibu safi.